Klarineti ya Vestine na Mama wa Mudende

Ndugu zangu wa Karagwe, mnanijua. Siku tuliyofunga mizigo kurudi Rwanda ndiyo siku niliyopata homa, na tulipofika Kigali nikapona nikakaa. Tangu hapo sijatoka mjini ila kwa kusukumwa, na safari hii aliyenisukuma ni mdogo wangu Vestine.

Alikuwa amealikwa Gisenyi kupiga klarineti katika onyesho la vyombo vitatu: klarineti, selo na piano. Hilo peke yake lisingenitoa kitini. Lakini mama wa mchumba wake Faustin alikuwa anashuka kutoka vilima vya Mudende kumwona kwa mara ya kwanza. Mama huyo ni mfugaji, alirudi kutoka Masisi, Kongo, na ng'ombe wake, na alishasikia kwamba binti anapuliza kitu. Huku mwanamke kupiga mluzi ni mwiko. Alituma neno kwamba mluzi wa mwanamke unakausha maziwa, kwa hiyo aone kwanza, ndipo aseme kama kuna harusi au hakuna. Baba yetu hayupo, mkubwa ni mimi. Kazi yangu ilikuwa kukaa karibu naye na kumlainisha kwa hotuba niliyoitunga.

Alfajiri, stendi ya Nyabugogo. Tulipanda basi, mimi nikapakata kisanduku cha klarineti kama mtoto wa kubatizwa. Kona za kwenda Ruhengeri zilinipindua tumbo, Vestine akanicheka kila kona. Kwenye kizuizi askari alitaka kisanduku kifunguliwe, akauliza ni nini. Nilimjibu kwa sauti ya mtu aliyesoma sekondari kwamba hiyo ni tarumbeta ya wanawake. Vestine aligeukia dirishani kama hanijui.

Saa sita mchana, Gisenyi. Basi liliteremka, ziwa likajitandaza chini yetu, nami nikasahau kuumwa. Faustin alitupokea akatupeleka kwake Mbugangari, tukala sambaza za kukaanga, vidagaa vya ziwa lile. Alinitazama akasema, "Shemeji, iko namna gani? Rangi yako inafanana na majani." Nikamwambia ndiyo rangi ya watu wa Kigali siku hizi.

Saa tisa, ukumbi wa parokia. Mwenye selo alikuwa mwalimu kutoka Goma. Mpakani hawakumruhusu kupita mpaka awapigie kidogo, na walipoona tamu wakamwomba tena. Kwenye piano alikaa mtawa mzee aliyehesabu mapigo kwa kidevu. Kiti kando yangu kilikuwa kitupu. Mama hakuwa amefika, na wapigaji wakaanza.

Jamani! Vyombo vile vilikuwa vinabishana kwa adabu, kimoja kinasema, cha pili kinakanusha, cha tatu kinawaambia nyamazeni nyote. Nilijikuta natikisa mguu, nikagonga kiti cha mbele. Ikaja sehemu ya polepole, ukumbi ukanyamaza kabisa. Hapo mlango ukafunguka.

Mama wa Mudende aliingia na buti zenye tope na mwavuli wake. Sasa, kwa desturi ya huku, anayekuta watu wamekaa huwasalimia wote kwa mkono. Ukimruka mmoja umemtukana. Akaanzia safu ya nyuma. Watu, kwa malezi yao mema, wakasimama mmoja mmoja. Akanifikia mimi, hotuba yangu yote ikayeyuka, nikampa mkono tu. Akapita, akaenda mbele.

Mwalimu, mikono ikiwa kazini, alimtolea kifundo cha mkono. Mtawa alimpa wa kulia na kuendelea na wa kushoto. Akabaki Vestine, na klarineti inataka mikono yote miwili na mdomo juu yake. Akiacha, wimbo unakatika. Akiendelea, amemnyima mkono mama mkwe mbele ya parokia nzima. Nilijifunika uso.

Vestine alitoa klarineti mdomoni, akaibana kwapani, akainama, akamshika mama viwiko viwili kwa salamu ya heshima. Selo na piano zikawa zinazungukazunguka palepale kama watu wanaomngoja mwenzao njiani. Mama hakumwachia. Aliichukua klarineti, akaigonga, akachungulia tundu, akainusa. Kisha akasema kwa Kiswahili cha Masisi, ukumbi wote ukisikia:

"Mi waliniambia anapigaka mluzi na midomo. Hii si mluzi, hii ni muti. Muzee wangu alikuwa anapigia ng'ombe umwirongi, ile filimbi ya muti. Tangu aende, zinasikiaka redio tu."

Akamrudishia. "Endelea, mwanangu. Lakini anza mwanzo, mi sikusikia."

Nani angembishia? Wakaanza mwanzo. Mtawa alikuwa anacheka mpaka kidevu kikakosea hesabu, na watu walipiga makofi mahali pote pasipostahili. Mama alikuja akakaa kando yangu. Nikakumbuka hotuba yangu ghafla, nikafungua mdomo.

"Nyamaza, mutoto," aliniambia, "tusikie."

Nina miaka arobaini na mbili. Nikanyamaza.

Asubuhi, kurudi. Nilipanda basi peke yangu. Vestine alikuwa ameshachukuliwa Mudende, yeye na klarineti yake, na hakuna aliyeniomba ruhusa. Nilichojifunza ni kwamba mkubwa wa familia anaweza kusafiri mbali sana kwenda kutohitajika, na ikawa raha tupu. Juzi Faustin alinitumia barua kwa mkono wa dereva wa basi. Anasema Vestine alipigia ng'ombe wimbo wote jioni ile, wakasikiliza mpaka mwisho, na hakuna hata mmoja aliyeinuka kusalimia. Tarehe ya harusi ameipanga mama.