Usukani Uliokuwa Ukilegea

Enzi mamluki wa Kizungu walipotawala visiwa vyetu, nilikuwa na pikapu kuukuu. Usukani wake ulilegea hata ilinibidi niuzungushe robo duara ndipo magurudumu yasikie. Kila Ijumaa alasiri nilitoka Moroni kwenda kusomesha Ikoni, na njiani mamluki walikuwa wameweka mapipa mawili, magari yapite katikati. Nikiyumba, wangeweza kudhani nawavamia, wakapiga risasi. Basi niliunyunyizia usukani maji ya kombe, yaliyosuuza aya za Kurani zilizoandikwa sahanini kwa zafarani. Nilipita salama miaka miwili, kwa hiyo sikuona haja ya fundi.

Mke wangu aliiona haja hiyo. Akamwita kaka yake, fundi wa magari kutoka Mutsamudu, naye akalala chini ya gari.

"Zungusha, Mwalimu."

Nikazungusha. Akatoka na kiungo kilicholika cha tairodi, ile fimbo ya chuma inayogeuza magurudumu; kilicheza kama jino bovu.

"Shemeji, dua yako ilikuwa inafanya kazi ya chuma hiki. Ipumzishe."

Akafunga kipya. Nikamshukuru Mungu, kisha yeye.

Ijumaa iliyofuata, nilipokaribia mapipa, mikono yangu ilizungusha usukani robo duara mapema kama ilivyozoea. Gari likatii papo hapo, likaangusha pipa la kushoto. Mamluki akainua bunduki, nami nikainua mikono. Akanitazama, akalitazama gari, akaishusha.

"Mzee," alisema kwa Kifaransa, "wiki iliyopita uliendesha vizuri zaidi."

Nilimwambia ni kweli. Nikashuka, tukalisimamisha pipa pamoja.