Anayelinganisha Njia Mbili Bwawa Likijaa

Saa moja asubuhi, mvua inagonga bati la kituo cha bwawa kama mgeni aliyechoka kupiga hodi. Vyura wenyewe wamekimbilia chini ya meza, wala hawaombi radhi. Mezani, mpima kina cha maji, mama wa makamo ambaye wenzake humwita Bibi Hesabu, ana majibu mawili ya njia mbili za hesabu kwenye kompyuta.

Kazi yake ni kukadiria maji yatafika wapi. Kasi ya kujaa hubadilika kadiri bwawa linavyojaa, kwa hiyo jibu halipatikani kwa mkupuo. Hutafutwa hatua kwa hatua.

"Njia ya kwanza inaangalia kasi ya mwanzo wa saa, halafu inafumba macho mpaka saa iishe," anawaeleza vyura. "Ya pili inachungulia mwanzo, katikati na mwisho. Kwa kawaida zinapatana. Zikigombana, mwamuzi ni mimi."

Leo zimegombana. Ya kwanza inasema maji yataishia shubiri moja chini ya ukingo. Ya pili inasema yatapita juu yake kabla ya adhuhuri. Ukuta ni wa udongo. Yakiupanda, utayeyuka kama sukari kwenye chai, na bonde zima litakwenda nao.

Ruhusa ya kufungua lango ameachiwa yeye. Akifungua sasa, maji yataingia nyumba chache tu za bondeni. Ya kwanza ni ya kaka yake. Anampigia simu.

"Kaka, hameni."

"Tena? Mwaka jana tulihama, maji yakaja kulamba kizingiti kama paka, yakarudi. Mgongo bado unanidai kwa lile kabati."

"Yalilamba tu kwa sababu nilifungua mapema."

"Una hakika gani, mdogo wangu?"

Hana. Miaka kumi na mmoja kazini, na hofu yake ni hiyohiyo: akipatia, hakuna atakayeona, akikosea, hakuna atakayebaki wa kumlaumu.

"Kaka, mimi naogopa."

Inasikika sauti ya kaka, mbali kidogo na simu, akiwaambia wa nyumbani: "Haya, watoto wabebwe. Kabati liacheni."

Anasubiri mpaka kaka anapopiga kutoka mlimani kusema majirani nao wamefika, ndipo anapolishika gurudumu la lango.

"Nyumba yake italowa," anasema, akizungusha. "Natumaini jioni atakuwa na nguvu za kuja kunitukana."