Wifi Steinvör na Mimba ya Hosa

Wifi yangu Steinvör hakumbatii mtu, anampima. Siku niliporudi kwetu kaskazini, Þistilfjörður, baada ya miaka thelathini na moja kwenye viwanda vya samaki huko kusini, alinipokea mlangoni akanizungushia mikono. Kabla sijasema nimefika salama, vidole vyake vilikuwa vimeshuka kiunoni vikitafuta mifupa.

"Wifi, umekwisha," akasema. "Ungekuwa kondoo wangu ningekutenga na wenzako, nikupe nyasi za mavuno ya pili."

Nilitaka kukasirika, lakini mezani kulikuwa na nyama ya kondoo ya moshi na viazi vya maziwa, nikaahirisha. Baadaye nikajua kwamba hakuna anayeponyoka. Mchungaji alipokuja kutusalimu alishikwa hivyohivyo, akaambiwa ameingia majira ya baridi akiwa na akiba ya kutosha.

Katika zizi la kaka yangu Eyvindur mlikuwa na kondoo majike mia mbili na arobaini, na Steinvör alikuwa akiwapitisha wote mikononi mara moja kila mwezi. Anasema macho hayafai kitu kwa kondoo, kwa sababu sufu ni mwongo mkubwa. Huweka kiganja mgongoni, nyuma ya mbavu za mwisho, akabonyeza aone uti umekaaje na zile ncha za mifupa ya pembeni zimefunikwa na nini. Waliokonda alikuwa akiwapeleka kushoto, wanene kulia, na nyasi zikigawiwa kwa amri yake. Watu wa bonde zima walikuwa wakimpigia simu kumuuliza, na mikono hiyo ilikuwa imempa kichwa kikubwa kidogo, nisiseme uongo.

"Nyie mnadhani mwenye mimba anatakiwa ale tu," alikuwa akitufokea mimi na Eyvindur. "Miezi mitatu ya mwanzo mtoto hana haja ya makubwa. Ukimzidishia mama, anajaza mafuta. Wiki sita za mwisho ndipo mtoto anakua kwa fujo, tena anambana mama tumbo lake la chakula, nyasi hazina pa kukaa. Hapo ndipo unampa kidogo, lakini chenye nguvu. Mnanisikia?"

"Tunakusikia," tulikuwa tukijibu, kama watoto wa shule.

Sasa kulikuwa na Hosa. Alikuwa mweusi, miguu yote minne myeupe, na alikuwa wa ile jamii ya kondoo viongozi, wanaotangulia kundi: warefu, wembamba, wenye macho yanayokuangalia kana kwamba unawachelewesha. Mama yake Steinvör alimpa bintiye kondoo mmoja wa ukoo huo siku ya harusi, na ukoo ukaendelea, mama kwa binti, hadi kwa Hosa. Hosa alikuwa na miaka tisa. Kila mwaka alikuwa akizaa madume matupu. Dada zake walishakufa, na kwingineko ukoo huo haukuwepo. Akifa bila kuacha jike, ndiyo basi, zawadi ya mama yake Steinvör imeishia hapo. Steinvör hakuwa akilizungumza jambo hilo, lakini kila Mei Hosa akizaa dume, wifi yangu alikuwa hasemi na mtu siku nzima.

Oktoba moja dhoruba ya theluji ilimkuta Eyvindur nyikani na kondoo mia moja na zaidi. Alikuwa haoni hata mkono wake mwenyewe. Hosa akapita mbele, kichwa chini, akawaongoza wenzake na kaka yangu hadi kwenye lango la zizi bila kukosea hata hatua. Eyvindur aliingia jikoni masharubu yameganda barafu, akakaa, akalia. Mimi sikuwahi kumwona kaka yangu akilia, hata tulipomzika baba. Tangu siku hiyo Hosa akawa mtu wa nyumbani.

Mwezi wa pili akaja fundi na mashine ya kupima mimba. Aliwapitisha kondoo mmojammoja, akitaja idadi, nasi tukipaka rangi: wa mmoja buluu, wa wawili hatupaki, wa watatu nyekundu. Alipofika kwa Hosa akasema, "Wawili."

"Majike?" Steinvör akauliza.

"Mama, hii mashine inaona mioyo ikidunda. Mengine muulize Mungu."

Aprili, siku ya kwanza ya kiangazi kwa kalenda yetu, theluji bado ikiwa magotini kama kawaida, nilikuwa nakaanga chapati za maji za sikukuu pale Steinvör alipoingia jikoni na viatu vya zizini, jambo ambalo mwingine angelifanya angefukuzwa.

"Hosa hali," akasema. "Amesimama anaangalia ukuta. Nimempungia mkono usoni, hapepesi. Na pumzi yake inanuka utamu, kama matofaa yaliyolala."

Akampigia Gauti, daktari wa mifugo. Barabara ilikuwa imezibwa na theluji, kwa hiyo mambo yote yakafanyika kwa simu, sauti ikiwa juu, mimi na Eyvindur tukisikiliza.

"Amebakiza muda gani?" Gauti akauliza.

"Wiki mbili na kidogo."

"Wangapi tumboni?"

"Wawili."

"Na mgongo wake ukoje, mama?"

Kwa mara ya kwanza nikamwona wifi yangu akiulizwa habari ya mgongo wa kondoo akageukia dirisha.

"Mnene," akasema mwishowe, kwa sauti ndogo.

"Ndiyo hiyo. Wanawe wanataka sukari, yeye tumbo limebanwa hawezi kula ya kutosha, basi mwili unayeyusha mafuta yake kwa pupa hadi yanamtia sumu. Mwenye mafuta mengi ndiye anaumwa zaidi. Mna ile dawa tamu, ile nzito? Mnyweshe asubuhi, mchana na jioni, na umtie kalsiamu chini ya ngozi. Lakini mama, kondoo kiongozi kunenepa, mbona ni ajabu? Amelishwa nini?"

"Ndilo nitakalo kujua hata mimi," akasema Steinvör, akakata simu, akatugeukia.

Baada ya kumnywesha Hosa dawa akatukalisha mezani. Chapati zikapoa, hakuna aliyethubutu kugusa.

"Eyvindur. Sema."

Kaka yangu akakuna shingo. "Mkate kidogo tu. Ule mweusi mtamu."

"Kidogo kama nini?"

"Vipande viwili... asubuhi."

"Kila asubuhi?"

"Steinvör, kondoo yule aliniokoa! Ningempita hivihivi bila hata salamu?"

"Salamu yako ina sukari! Na wewe wifi, mbona umenyamaza? Nawajua nyie wa ukoo huu, hamna dogo."

Ikabidi niseme. Uji wa shayiri uliobaki, karibu kila siku. Na chapati, Jumapili.

"Chapati!" Steinvör akashika kichwa. "Zenye jamu?"

"Jamu kidogo."

Eyvindur akaangua kicheko, nami nikashindwa kujizuia, tukacheka hadi machozi, huku wifi yangu akitutukana jina kwa jina, ukoo wetu mzima hadi babu aliyekuja na mashua. Lakini yeye hakucheka. Akatoka akarudi zizini.

Siku tatu tulimnywesha Hosa kwa zamu, tukimbembeleza kwa nyasi laini kabisa, ujani mmoja mmoja. Siku ya tatu mchana nilimkuta Steinvör amekaa kwenye robota la nyasi, Hosa amelala mbele yake, shingo imelegea. Nikaketi kando yake.

"Wifi," akasema bila kunitazama, "mmeungama nyie wawili. Wa tatu mimi."

"Wewe?"

"Unga wa samaki. Kiganja asubuhi, kiganja jioni, tangu siku ya mashine. Na si hilo hasa. Mwezi wa tatu nilimshika mgongo, mkono ukaniambia kabisa, huyu amenenepa. Nikaubishia. Nikasema ni sufu. Mimi, niliyewafundisha watu wote hapa kwamba sufu inadanganya." Akafuta pua kwa kiwiko. "Hawa wengine wote nawalisha kwa akili. Huyu nilimlisha kwa woga. Niliogopa kukipoteza kitu cha mama, na sasa nimekaribia kumuua kwa mkono wangu."

Ningeweza kumtania. Nilikuwa na deni la miaka mingi la utani kwake. Lakini nilimhurumia sana, nikamshika bega tu.

Siku ya tano Hosa alinyanyua kichwa, akavuta ujani kutoka mkononi mwa Eyvindur, akatafuna huku akimwangalia kana kwamba amemchelewesha. Kaka yangu alipiga yowe hadi kondoo mia mbili na arobaini wakasimama kwa pamoja.

Alizaa tarehe saba Mei, asubuhi, jua likiwaka. Kwanza dume kubwa. Steinvör akamsogezea Hosa amlambe. Kisha akaja wa pili, mdogo, mweusi tii, amelegea. Steinvör akamsugua kwa nyasi, akampuliza puani, akamning'iniza kwa miguu ya nyuma, hadi akapiga chafya. Ndipo akamwinua mkia akatazama. Akatazama tena.

"Eyvindur, njoo uone, macho yangu yamejaa maji."

"Jike," akasema Eyvindur. "Jike, Steinvör!"

Wiki mbili baadaye tukawatia wanakondoo alama za masikio kabla ya kuwatoa malishoni. Kwetu kila mtu mwenye mifugo ana alama yake iliyoandikwa katika daftari la wilaya, na ya marehemu hurithiwa. Nilikuwa nimemshika yule jike mdogo mapajani, Steinvör akaja na kisu. Akasimama.

"Wifi, huyu nakupa wewe."

"Usinichezee."

"Sichezi. Mimi nikiwa naye nitamwogopea tena, na nitamlisha vibaya tena. Wewe utamtunza kama kondoo. Mkono nitakufundisha."

"Wifi, huyu ni wa mama yako."

"Najua ni wa nani," akasema. "Nataka abaki hai. Haya, alama yako ni ipi?"

Nilikuwa na alama, ya bibi yangu, niliyopewa nikiwa na miaka saba. Kwa miaka thelathini na moja nilikuwa nikikata samaki wa watu, na hakuna aliyewahi kuniuliza.

"Sikio la kulia, ncha imekatwa," nikasema. "La kushoto, pengo moja nyuma."

Steinvör akapiga magoti mbele yangu, akalishika sikio la kulia, akakata.