Takbira Nilizozipokea kwa Macho

Heri ningelikataa. Maalim, imamu wetu, aliniita karibu na birika la kutawadhia akaniambia, "Mzee wangu, umeme unatukatikia kila Ijumaa, na sauti yako mashaallah inafika mpaka bandani kwa ng'ombe. Tupokelee takbira." Nilipaswa kumjibu, "Maalim, sauti ninayo, masikio ndiyo sina." Badala yake nilivuta pumzi, nikatanua kifua, nikasema, "Inshaallah." Na hata ombi lenyewe nililisoma mdomoni mwake zaidi kuliko nilivyolisikia.

Msikiti wetu hapa Kiuyu ni mdogo. Siku ya Ijumaa watu hujaa ndani, wakajaa ukumbini, wengine wakatandika majamvi nje. Maalim ana sauti ndogo, kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto. Spika ikifanya kazi hakuna shida. Umeme ukikatika, lazima awepo mtu nyuma yake, safu ya kwanza, airudie kila "Allahu akbar" yake kwa sauti kubwa ili wa nje wajue wakati wa kuinama na wakati wa kuinuka. Ni kazi ya heshima. Nafasi yako inajulikana, hata ukichelewa hakuna anayeikalia. Mimi niliishia sekondari, sikupata cheo chochote maishani, na cheo hicho nilikipenda vibaya sana.

Sikio langu la kushoto lilikuwa linatoa usaha tangu zamani. Linavimba ndani, linapoa, linavimba tena. La kulia lilikuwa limeshachoka kwa uzee. Ili watu wasijue, nilikuwa naziba la kushoto kwa pamba niliyoichovya mafuta ya waridi, harufu isitoke. Nikawa nanukia kuliko bwana harusi. Wazee wenzangu wakawa wananiuliza kama nina mpango wa kuongeza mke.

Mke niliyenaye alikuwa anajua kila kitu.

"Nenda hospitali Chake," ananiambia, amenishika kidevu nimtazame mdomo.

"Nikirudi na bendeji watajua."

"Kwani sasa hawajui? Jana umemwitikia mbuzi salamu!"

Kweli, nilimwitikia. Alikuwa amesimama uani anatafuna, na mimi nikiona mdomo unachezacheza nilikuwa najibu tu, kwa tahadhari.

Nikamwambia nitakwenda baada ya Ramadhani. Ramadhani ikapita, nikasema baada ya karafuu. Nilihofia kwamba nikilazwa, hata kwa muda mfupi, mwingine atasimama mahali pangu, na watu watagundua kwamba naye anaweza.

Nilifanyaje kazi, basi? Nilizisoma nyayo za Maalim. Akisimama au akirukuu, namwona kwa jicho la pembeni. Tabu ilikuwa kwenye sijida, paji la uso likiwa chini. Hapo nilikuwa naacha jicho moja wazi, natazama mguu wake wa kushoto. Akiwa amesujudu, vidole vimekunjwa vimeshika jamvi. Akiinuka kukaa, mguu unalala. Ukilala, mimi napiga takbira. Wallahi nilikuwa hodari. Watu wa nje walikuwa wanasema sauti yangu inafuata ya Maalim kama kivuli.

Ikaja Ijumaa moja ya msimu wa karafuu. Umeme ulikatika katikati ya hotuba. Watu wengi walikuwa wamekuja moja kwa moja kutoka kuchuma, na mmoja wao alikuja na mgeni kwenye nguo: majimoto, chungu wale wekundu wanaojenga viota mikarafuuni, wakikuuma unakumbuka madeni yako yote. Tukaingia kwenye sala. Rakaa ya kwanza, sijida ya kwanza, majimoto akafika kwenye kisigino cha Maalim.

Maalim hakuinuka. Alivumilia, Mungu amlipe. Ila mguu wa kushoto ukajinyoosha na kulala.

"ALLAHU AKBAR!" nikanguruma, nikakaa. Wa nje wote wakakaa. Kutazama, Maalim bado yuko chini. Nikadhani nimechelewa, kwamba ameshakaa na kurudi sijida ya pili. Nikapiga takbira nyingine upesi, nikashuka, na wa nje wakashuka. Maalim sasa akakaa kweli, lakini mguu ulikuwa umeshalala, sikuona tofauti. Alipokwenda sijida ya pili vidole vikakunjika, kama vya mtu anayejiinua, nami nikaamini anasimama.

"ALLAHU AKBAR!"

Nikasimama wima. Wa nje, maskini, wakasimama. Ndani nilikuwa peke yangu juu, kama mnazi uliosahauliwa kukatwa, na mbele yangu yote ni migongo. Nikarudi chini kimya kimya.

Maalim akainuka kwa rakaa ya pili, nikaona safu nzima inainuka, nikapiga takbira kwa sauti ya kufidia. Wa nje tayari walikuwa wamesimama. Waliposikia takbira wakafanya kinachofuata: wakarukuu. Wakabaki wamerukuu Maalim anasoma Alhamdu, wamerukuu anaanza sura, na siku hiyo alichagua sura ndefu. Walio mlangoni waliona hali ya ndani wakajinyanyua. Wa nyuma wakabaki wamepinda, kila mmoja anamsubiri mwenzake. Kutoka hapo kila mtu alimaliza kivyake. Maalim akaamua wa nje waswali adhuhuri, kwa usalama.

Miongoni mwa waliopinda alikuwepo shemeji yangu, kaka wa mke wangu, aliyekuja kutoka Tibirinzi kuchuma karafuu na ana mgongo mbovu. Mgongo ulikataa kurudi. Akanijia vilevile alivyoinama, akapaza sauti akiielekeza kwenye miguu yangu:

"Shemeji! Ulikuwa unatuswalisha au unatupigisha gwaride? Gwaride liko uwanjani Gombani, yakhe, si hapa!"

Mdomo wake ulikuwa unatazama chini, sikuambulia neno; maneno hayo nilihadithiwa baadaye. Nikampa mkono, nikasema, "Alhamdulillahi, sisi wazima. Na wewe?"

Ukumbi mzima ukacheka. Shemeji naye alicheka, akashika mgongo, akalia, akacheka tena. Maalim hakucheka. Alinisogelea, akauchomoa ule mpira wa pamba sikioni mwangu, akaunusa upande wa waridi, kisha akaugeuza akaunusa upande wa pili. Kesho yake nilipelekwa hospitali.

Daktari, binti mdogo, alichungulia kwa tochi muda mrefu.

"Babu," akasema karibu na uso wangu, "sikio linaoza, nawe unalipaka manukato?" Akanieleza kwamba uvimbe umekaa ndani muda mrefu mpaka umekula vifupa vidogo vinavyopeleka sauti, na la kulia nalo limeshaanza ugonjwa huohuo juu ya uzee wake. Ningekuja ulipoanza kurudirudi, alisema, lingetibika. Usaha walinikausha. Vifupa havikurudi. La kulia nimetiwa kifaa cha kusikilizia, nacho kinanipatia kuku wote wa mtaa na watu kidogo sana.

Siwezi kumlaumu mtu. Maalim aliomba sauti, na sauti nilikuwa nayo. Uongo niliutia mimi.

Kila alasiri mke wangu hukaa barazani akasuka ukili wa mikeka, na tangu tuoane huo ulikuwa wakati wa kunihadithia: nani kamnunia nani, nani kaposa akakataliwa, huku akiwaigiza wote, mpaka kikohozi chao. Nilipotoka hospitali alijaribu kuendelea kwa kupaza sauti. Alifika kwenye biriani ya jirani, namna ilivyoungua, na jirani akamjibu kutoka upande wa pili wa ukuta. Mke wangu akanyamaza, na hajahadithia tena. Habari za namna ile hazipigiwi kelele. Sasa ananiambia maji tayari, chakula tayari, vaa kanzu nyingine.

Kukubali kwangu siku ile kumenigharimu sikio moja lote, nusu ya la pili, na maneno ya mke wangu.