Jiwe la Kati

Mihina ikikatwa hapa Bawshar, nyumbani kwa mwanangu, harufu ya majani yale mabichi hunirudisha kwa Baba na siku ile ya bustani. Nimezeeka, lakini mshtuko ule bado nnao.

Baba alikuwa fundi wa mabustani ya majumba makubwa. Si mtunza maua, la. Yeye akichora chini kwa kamba na chokaa, njia zinyooke, ua wa mihina ukatwe sawa kama ukuta, kila tuta litazamane na mwenzake. Kazi hiyo alitoka nayo Unguja. Kiarabu hakutoka nacho. Na mimi nilisoma kidogo tu, kwa hiyo nikipotea njia nivumilieni.

Basi akapata kazi yake ya mwanzo Maskati, jumba lililokuwa peke yake shambani, kati ya mitende. Bwana mwenye nyumba aliwahi kufanya biashara Unguja, akijua Kiswahili. Alimwambia Baba, "Bustani ikinipendeza, nitakupeleka kwa jamaa zangu wote." Sisi tukikaa Matrah, chumba kimoja, tena kwa watu. Bustani ile ndiyo ya kututoa.

Siku moja Baba alinichukua nikaone. Matuta yalikuwa marefu, membamba, udongo umeinuliwa. Akasimamisha jiwe lililookotwa wadini, kwenye mto mkavu, kichwani na miguuni mwa kila tuta, kisha akataka na la kati. "Jicho lataka pa kutua, mwanangu."

Hapo akatoka mama yake bwana, bibi kizee mgonjwa, kashikilia mlango. Akayatazama matuta. Akapiga ukelele: "Ana hayya! Ana hayya!"

Baba akainamisha kichwa, anatabasamu. "Wasikia? Bibi ananisifu. Anasema fundi huyu ana haya." Akaligonga jiwe la kati likakaa.

Bibi akaanguka pale pale mlangoni.

Bwana akaja mbio, akamwinua mamake, ndipo alipoyaona mawe. Rangi ikamtoka. "We Mzanzibari! Wamchimbia mama yangu kaburi naye yu hai?"

Baba kasimama na nyundo mkononi. "Kaburi? Bwana, hapa pa maua hapa!"

"Ng'oa! Kisha utoke."

Bibi alizindukana, alhamdulillahi. Sisi tukarudi chumbani kwetu Matrah. Baadaye alipata mabustani mengine, madogo madogo, wala hakusimamisha jiwe tena. Mimi nikidhani yule bibi mkorofi tu, hapendi vitu vizuri.

Mpaka alipofariki Mama, akazikwa makaburini Amerat. Sisi wanawake hatwendi kuzika, kwa hiyo baadaye mwanangu akanipeleka kuzuru. Makaburi ya wanaume yana mawe mawili. Ya wanawake matatu: kichwani, miguuni, na kati. Kiarabu nilishakijua zamani, lakini ukelele ule ulikuwa umebaki masikioni mwangu kwa Kiswahili. Ana hayya. Kwa Kiarabu: mie ni mzima, ningali hai. Ndilo alilokuwa akililia, na sisi tukimchekea.

Mwanangu akanishika mkono. "Na Babu siku ya maziko," akasema, "walipotaka kuweka jiwe la kati, aliwazuia. Akawaambia, ngojeni kwanza, sikilizeni vizuri, asije akawa anatwambia kitu."