Bibi wa Dengu na Hija ya Mama

Picha ile hatukuwahi kuitundika. Ilikuwa na sura ya mtu, na mama hakubali sura za watu ukutani, malaika wasije wakakosa kuingia. Ilikaa nyuma ya kabati nyumbani kwetu Jadida, imefunikwa kanga: bibi wa Kizungu mwenye kofia nyeupe ya kitambaa, anachambua dengu dirishani. Babu, baba yake mama, aliachiwa na daktari mgeni aliyemwajiri. Sisi tuliambiwa ni zawadi.

Mwaka juzi kaka yangu akamleta mnunuzi kutoka Unguja. Akaimulika picha kwa tochi, akaikagua kwa lenzi, akasema huenda ni kazi ya fundi mkubwa wa Ulaya wa zamani sana, huenda ya mwanafunzi wake, huenda ni nakala tu. Kwa hizo huenda tatu nilitamani kumwonyesha mlango. Lakini mama alikuwa mkekani na tasbihi yake, na sote tulijua kwamba picha ile ikiuzwa ndiyo Hija yake. Karafuu zilimwahidi Hija miaka na miaka, kila msimu zikamvunjia ahadi.

Mnunuzi akaigeuza. Nyuma yake, kwenye ubao, palikuwa na maandishi kwa herufi za Kiarabu. Akachangamka, akasema pengine ni jina la mchoraji, lakini hakujua kuzisoma. Kaka alikimbia chuo cha Kurani akiwa kwenye alifu, herufi ya kwanza, mama ana mtoto wa jicho, basi nikaitwa mimi, mwalimu wa madrasa.

Mwandiko ulikuwa wa babu, na maneno yake Kiswahili kitupu: hii ni amana, mwenyewe akirudi apewe, au wapewe wanawe.

"Pameandikwani hapo, mwanangu?" mama akauliza.

Nilijiona nimefungiwa chumba kisicho na mlango. Nikisema, mama haendi Makka, maana amana haiuzwi. Nisiposema, anakwenda kwa mali ya watu, na hajui.

"Dua tu, mama," nikasema.

Mnunuzi alinywea, lakini picha akainunua, na fedha zikatosha Hija. Kwenye hati akaandika kwamba mchoraji hajulikani.

Kabla ya safari mama alizunguka mtaa mzima kuomba radhi, kama ilivyo desturi ya anayekwenda Hija. Wa mwisho nikawa mimi. Alinishika mikono yote miwili.

"Kama kuna haki ya ntu nkononi mwangu, nambie niirudishe kabla sijenda."

Ningeweza kusema pale pale. Sanduku lake lilikuwa mlangoni, limefungwa kamba. Nilimwonea huruma, na nafsi yangu nikaionea huruma zaidi.

"Hakuna, mama."

Wahenga wanasema njia ya mwongo fupi. Yangu imefika Makka na kurudi. Sasa mtaa mzima unamwita Hajja. Mnunuzi nimempigia simu mara nyingi, hapatikani. Nikimwambia mama leo, namnyang'anya Hija yake mkononi. Nikinyamaza, naishi hivi hivi.

Siku aliyorudi aliniita chumbani kwake, akanimiminia zamzam kikombeni.

"Kule Arafa nimekuombea wewe kuliko wenzio," akasema. "Wewe ndiye ulonambia sina haki ya ntu."

Nikayanywa yale maji yote, mkono wake uko begani mwangu.