Mita Kumi na Saba Juu ya Chai

Elfu thelathini na mbili mia nne. Hiyo ndiyo bei ya jambo zima: puto, gesi, mashine, na uzi wa mita mia mbili niliomuuzia binti ya kaka yangu kwa bei ya jamaa, yaani ile ile.

Anasomea uinjinia. Alinieleza kwamba wataalamu wanataka kujenga lifti ya kwenda angani: waya unaoning'inia kutoka huko juu mpaka ikweta, na mashine ya kuupanda. Waya wenyewe bado. Wowote uliopo ungekatika kwa uzito wake. Kwa hiyo wanafunzi wanaanza na mashine. Yake ilikuwa ndogo kama redio, ikituma hesabu ya mita kwenye simu.

Uzi niliupima dukani kwangu Chepseon mara mbili, nikifunga kitambaa chekundu kila mita kumi. Vitambaa ishirini. Tangu nianze kuuza kamba, sijampa mtu hata shubiri ya bure.

Asubuhi ya jaribio ukungu ulikuwa umelalia majani chai ya kaka. Puto likapaa na ncha ya uzi, likapotea. Mashine ikapanda, nayo ikapotea. Ukabaki uzi, umesimama wima kama umeshikwa na mtu.

Jirani, mzee aliyestaafu kiwanda cha chai, akapaza sauti njiani: "Mkifika kwa Mungu, mwulizeni bonasi yetu ya chai iko wapi!"

Hatukucheka. Simu ilikuwa imepita mia mbili. Ikasimama mia mbili kumi na saba. Wakati wa kushuka, ikahesabu mia mbili tu.

"Gurudumu limeteleza, Senge," akasema binti. Ndivyo kwetu tunavyomwita shangazi. Akalivisha mpira wa tyubu ya baiskeli, akarudia. Mia mbili kumi na saba kupanda. Mia mbili kushuka.

Mimi najua matope ya huku: kuteleza hakurudii namba ile ile.

Tulikuwa tumelowa, uzi unadondosha maji. Mashine ilishuka kavu.

Nikahesabu vitambaa. Ishirini. Nikarudia. Ishirini.

Jumatatu anawapelekea walimu wake majibu ya kupanda; ya kushuka hawayaulizi. Mashine ikionekana imekosea, anarudia mwaka. Ndiyo maana ameniletea karatasi niseme nilimuuzia mita mia mbili kumi na saba.

"Tia sahihi tu, Senge. Nani atakuja kupima?"

Karatasi iko kaunta, chini ya rula. Nikitia sahihi, nimedanganya juu ya kitu pekee ninachokijua. Nisipotia, mtoto wa kaka yangu ameanguka kwa hesabu yangu.

Wewe ungefanyaje? Na hizo mita kumi na saba zilizopandwa zisishukwe, nimdai nani?